Kufungua pumzi ya Starlet ya 4E-FE: mwongozo kamili wa njia ya hewa na bomba la moshi

Toyota Starlet za muundo wa EP82 na EP91 bado ni magari ya kazi Dar, Mombasa na Nairobi, na injini yake ya 4E-FE ni miongoni mwa injini ndogo zinazovumilia sana. Mwenye nayo akitaka ichangamke, ushauri wa kwanza atakaopewa gereji ni kukata sailensa, kung'oa masega (kisafisha moshi kilicho kwenye bomba) na kufunga filta ya koni. Gari linatoka likinguruma na yeye anaamini limeongezeka nguvu. Mara nyingi limepungua. Mwongozo huu unafuata njia nyingine: unapima kwanza hewa inakwama wapi, unarekebisha hapo hapo, halafu unapima tena. Inachukua muda zaidi, lakini utajua kila shilingi yako imefanya nini.

Maelezo haya yanafaa pia Corolla za EE101 na EE111 pamoja na Corsa na Tercel zenye injini hiyo hiyo. Kwa sehemu kubwa yanafaa injini yoyote ya petroli ya miaka ya 1990 yenye cc 1000 hadi 1500.

Injini hii inavuta hewa kiasi gani

4E-FE ina cc 1331, silinda nne zenye kipenyo cha milimita 74, pistoni inayosafiri milimita 77.4, na valvu 16. Ile ya EP82 za soko la Japani ilitajwa kuwa na nguvu farasi 100 kwenye mizunguko 6,600 kwa dakika. Ya EP91 ilishushwa hadi farasi 85 kwenye mizunguko 5,500, lakini torki yake, yaani nguvu ya kuzungusha, inafika kileleni mapema, kwenye 4,400. Jua yako ni ipi kabla ya kununua chochote. Ya EP91 ilitengenezwa kwa nguvu ya mizunguko ya chini na ya kati, na ukiifungia mabomba ya gari la mashindano utaipokonya kile kitu chake kizuri.

Sasa hesabu. Injini ya mipigo minne hujaza silinda zake zote mara moja kila mizunguko miwili. Kwenye mizunguko 6,000 inajaza mara 3,000 kwa dakika, na 3,000 mara lita 1.331 ni kama lita 4,000. Kwa kuwa silinda hazijai kikamilifu, hewa halisi ni karibu lita 3,400 kwa dakika. Hicho ndicho kiasi ambacho mabomba yako yanatakiwa kupitisha bila kukwama. Ni hewa kidogo ukilinganisha na injini ya cc 2500, ndiyo maana bomba la inchi mbili na nusu halina kazi yoyote hapa.

Wa Nairobi waongeze jambo moja. Kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni kama kilopaskali 82 badala ya 101 za pwani. Karibu sehemu moja ya tano ya nguvu imeshaondoka kabla hujafungua boneti, na hakuna filta wala sailensa itakayoirudisha. Usilinganishe gari lako na la ndugu yako aliyeko Mombasa.

Hatua ya 1: Hakikisha injini ni nzima

Pima kompresheni ya silinda zote nne, injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa na akselereta imekanyagwa hadi chini. Zikipishana zaidi ya psi 15, acha habari za mabomba, shughulikia valvu au ringi kwanza. Badilisha plagi na uangalie waya zake. Kwa injini zenye distributa, unganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye kisanduku cha uchunguzi kilicho ndani ya boneti, kisha pima taiming, yaani wakati cheche inapopiga. Inatakiwa kusoma nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu. Nimekuta Starlet nyingi zinazosemekana "zimechoka" ambazo zilikuwa na taiming iliyorudi nyuma tu.

Muunganisho huo huo wa TE1 na E1, swichi ikiwa imewashwa bila kupiga stata, hufanya taa ya injini imweke hitilafu zilizohifadhiwa. Hesabu mimweko: 21 ni sensa ya oksijeni, 24 ni sensa ya joto la hewa, 31 ni sensa ya mgandamizo kwenye manifoldi ya hewa (mabomba yanayogawia silinda hewa), inayoitwa MAP. Namba 25 inasema mchanganyiko una petroli kidogo mno, 26 inasema imezidi. Ikimweka haraka haraka bila kukatika, hakuna hitilafu. Andika ulichokiona, kwa sababu utarudia kipimo hiki mwisho wa kazi.

Hatua ya 2: Pima mahali hewa inapokwama

Watu wengi wanairuka hatua hii, nami naiona kuwa ndiyo kazi yenyewe.

Upande wa kuvuta hewa unahitaji mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, wa mita nne au tano, ubao wa urefu wa mita moja, na maji yaliyotiwa rangi kidogo. Kunja mpira uwe na umbo la U kwenye ubao, ufunge kwa waya, jaza maji hadi nusu ya urefu wa U, na uchore mistari ya sentimita. Ncha moja iache wazi. Nyingine ipitishe hadi kwenye boneti na uichomeke kwenye bomba la hewa, karibu kabisa na trotobodi (mlango wa hewa unaofunguliwa na akselereta) lakini kabla yake. Weka kichupa kidogo katikati ya njia ili maji yakivutwa ghafla yaishie humo badala ya kuingia kwenye injini.

Tafuta barabara iliyo tupu alfajiri. Mmoja aendeshe, mwingine ashike ubao. Gia ya tatu, akselereta hadi chini, na ukifika mizunguko 5,500 msomaji aseme maji yamepishana sentimita ngapi. Pwani, kila sentimita 10 za maji ni takriban asilimia moja ya mgandamizo wa hewa, na asilimia moja ya hewa ni karibu asilimia moja ya nguvu. Ukisoma sentimita 40, njia yako ya hewa inakula asilimia nne. Ukisoma 12, ipo vizuri na hakuna filta ya kununuliwa itakayokupa kitu cha maana.

Uzuri wa kifaa hiki ni kwamba kinahamishika. Chomeka ncha kwenye boksi la chujio upande unaoingiza hewa, kabla ya karatasi ya chujio, halafu upande wa pili, baada ya karatasi. Ukipata sentimita 5 kabla ya karatasi na 30 baada yake, chujio ndilo limeziba. Ukipata 25 hata kabla ya karatasi, mdomo unaoingiza hewa ndani ya boksi ni mwembamba au umezibwa na majani. Dakika ishirini za kazi hii zitakuambia zaidi ya wiki nzima ya kuuliza watu.

Upande wa moshi, toa sensa ya oksijeni na ufunge hapo geji ya mgandamizo mdogo. Kama sensa yako imeshikwa kwa nati mbili badala ya kujikaza yenyewe, fundi wa kuchomelea akutengenezee bamba dogo lenye tundu na mrija mfupi wa chuma, maana mpira ukigusa hapo utaungua. Gari likiunguruma bila kukanyagwa, geji isipite psi 1.5. Kwenye mizunguko 2,500 isipite psi 3. Ikipita, kuna kitu kimeziba: masega, sailensa iliyovunjika vizuizi vyake ndani, au bomba lililobonyezwa na jiwe.

Pima pia joto. Funga kipimajoto chenye waya kwenye mdomo wa hewa na utembee nacho kwenye foleni. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 32 na mdomo ukivuta hewa ya nyuzi 60, uzito wa hewa inayoingia umeshuka kwa zaidi ya asilimia 8. Linganisha na zile asilimia nne za chujio chafu, utaona kwa nini hewa ya baridi ni muhimu kuliko filta ya bei mbaya.

Mwisho, pima mwendo wenyewe: gia ya tatu, kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, kwenye kipande kile kile cha barabara, kwenda na kurudi, kisha wastani wake. Masikio hayafai kuwa kipimo, kwa sababu kelele hudanganya.

Hatua ya 3: Njia ya hewa

Baki na boksi la kiwandani. Najua si ushauri wenye mvuto, lakini boksi la Toyota limejitenga na joto la injini, lina nafasi ya kutosha, na mdomo wake unavuta hewa kutoka pembeni mwa taa. Filta ya koni iliyokaa wazi nyuma ya rejeta inavuta hewa ile ya nyuzi 60. Sauti yake ya kufyonza ni tamu, lakini hiyo ni sauti tu.

Weka chujio jipya la karatasi la ubora mzuri. La pamba linalooshwa linakubalika kwa anayeendesha kwenye lami na yuko tayari kulisafisha na kulipaka mafuta kwa kipimo. Kwa barabara za vumbi jekundu, mimi nabaki na karatasi, kwa kuwa vumbi linalopenya hula ringi na silinda, na farasi mmoja wa ziada hailipi hasara hiyo.

Kisha shughulikia mdomo wa boksi. Bomba lililo laini ndani, la milimita 60 hadi 65, lenye kona chache, kutoka kwenye boksi hadi nyuma ya taa ya mbele, linatosha. Mdomo wake ukatwe kwa kupanuka kidogo kama tarumbeta ili hewa iingie bila kujikunja. Usiushushe chini ya bampa hata kidogo. Mvua za masika zinapojaza barabara za Dar, mdomo ulio chini utanyonya maji, na maji hayagandamiziki: konrodi itapinda palepale na injini itakuwa imekwisha.

Mpira wenye mikunjo kati ya boksi na trotobodi huwa umepasuka kwenye magari ya umri huu. Ukunje kwa mkono, angalia ndani ya kila mkunjo. Kwa kuwa 4E-FE hupima hewa kwa sensa ya MAP na haina kipimo cha hewa kwenye bomba, ufa ulio kabla ya trotobodi hautavuruga mchanganyiko, lakini utaingiza vumbi lisilochujwa siku zote bila wewe kujua. Ufa ulio baada ya trotobodi, kwenye gasketi ya manifoldi au mipira ya vakyumu, utapandisha mizunguko ya injini gari likiwa limesimama. Rudisha kila mpira mdogo mahali pake, hasa ule unaotoka kwenye kifuniko cha valvu, na uhakikishe sensa ya joto la hewa imekaa kwenye nafasi yake na haining'inii karibu na manifoldi.

Ukiwa hapo, safisha trotobodi kwa dawa yake na kitambaa laini, pamoja na njia ndogo inayopitisha hewa injini ikiunguruma bila kukanyagwa. Rudia kipimo cha maji. Kwa kawaida hapa ndipo unapopata mabadiliko makubwa kwa fedha kidogo.

Hatua ya 4: Masega

Masega mazima kwenye injini ya cc 1331 hayazuii kitu cha kuonekana. Fundi anayesisitiza kuyatoa mara nyingi ana mnunuzi, kwa sababu ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ghali. Ukiyatoa, moshi wako unakuwa mchungu machoni mwa walioko nyuma, na kaboni monoksidi inaongezeka mara nyingi. Bomba likipata ufa chini ya sakafu iliyoliwa na kutu, gesi hiyo isiyo na harufu itaingia ndani kwa watoto wako. Siungi mkono kuyatoa.

Ila kama geji ilipita psi 3, yagonge kwa ngumi. Yakilia ndani, yamevunjika. Yabadilishe kwa masega mapya ya mtiririko mkubwa, yenye matundu 200 kwa kila inchi ya mraba. Kabla ya hapo tafuta kilichoyaua, kwani ni plagi isiyochoma au injini inayokula oili. Usipotafuta chanzo, mapya nayo yatakufa.

Hatua ya 5: Bomba na sailensa

Bomba lenye kipenyo cha nje cha inchi 1¾, yaani milimita 45 hivi, lenye unene wa milimita 1.5, linabakiza milimita 42 ndani. Hilo linatosha injini ya hadi farasi 100 hivi bila turbo. Inchi mbili ni kwa mwenye EP82 aliyekwisha kugusa kamshafti, shafti inayofungua valvu. Zaidi ya hapo moshi unapoa na kwenda polepole, msukumo wake unaosaidia kuvuta moshi wa silinda inayofuata unadhoofika, na gari linakuwa zito kuondoka kwenye taa.

Kona ndizo zinazoharibu kazi nyingi. Mashine nyingi za kukunja hubonyeza bomba kwenye kona, na bomba la 42 linabaki 33. Gerezani, Dar, na Kirinyaga Road, Nairobi, unaweza kununua kona zilizokunjwa bila kubonyea, fundi akaziunganisha na vipande vilivyonyooka. Kuzikagua ni rahisi: mpira wa tenisi ya mezani una kipenyo cha milimita 40. Uangushe ndani ya bomba kabla halijafungwa garini. Ukitokea upande wa pili, lipa fundi wako. Ukikwama, mwonyeshe ulipokwama, na kona hiyo ikatwe. Mpira huo pia utakamata vidonge vya weldingi vilivyoingia ndani ya maungio.

Kataa kabisa bomba la maji la mabati. Zinki iliyopakwa juu yake ikichomelewa hutoa moshi mweupe unaomletea fundi homa na maumivu ya kifua. Chuma kilichopakwa alumini kinafaa bara. Pwani, kwa chumvi ya Tanga au Mombasa, chuma kisichoshika kutu kinarudisha gharama yake.

Tumia sailensa mbili: resoneta ndogo katikati na sailensa ya nyuma ya kupita moja kwa moja, yenye bomba la matundu lililozungukwa na sufu ya kioo. Resoneta usiiache. Injini ya silinda nne kwenye mizunguko 3,000 inapiga mara 100 kwa sekunde, na mvumo huo wa chini, kwa kasi ya safari, utakuumiza kichwa kutoka Dar hadi Morogoro. Sheria za barabarani zinataka sailensa inayofanya kazi, na Kenya ilitoa mwaka 2009 kanuni za kelele ambazo hazikuyaacha magari nje.

Kila lita ya petroli inayoungua hutoa karibu lita moja ya maji. Kwenye safari fupi maji hayo hukaa sailensa na kuioza kutoka ndani. Toboa tundu la milimita 3 sehemu ya chini kabisa ya sailensa, yatoke.

Kuhusu hedasi, yaani mabomba yanayofungwa badala ya manifoldi ya moshi: manifoldi ya moshi ya chuma ya kiwandani si mbaya. Kama haijapasuka, iache. Ukiamua, chagua muundo wa 4-2-1 (mabomba manne yanaungana kuwa mawili, kisha moja) wenye mabomba ya kipenyo cha ndani cha milimita 32 hadi 35, urefu ukaribiane, na bamba la kushikia lisipungue milimita 10 ili lisipinde kwa joto. Usisogeze sensa ya oksijeni mbali. Ile ya waya mmoja haina hita yake, inategemea joto la moshi tu, na ikipoa kompyuta inapoteza habari. Ukilazimika kuisogeza, weka ya waya nne.

Hatua ya 6: Kufunga

Fanya kazi injini ikiwa baridi, gari likiwa juu ya stendi, kamwe si juu ya jeki peke yake. Pulizia bolti zenye kutu mafuta ya kupenya usiku uliotangulia. Kabla ya weldingi yoyote garini, toa betri na uchomoe kompyuta, na klampu ya ardhi ishike karibu na panapochomelewa.

Ning'iniza mfumo wote kwa raba mpya ukiwa umelegea, kisha kaza kutoka kwenye manifoldi kurudi nyuma. Ukianza nyuma, bomba litakaa na mkazo na litapasuka kwenye maungio. Acha nafasi ya milimita 25 kutoka mabomba ya petroli, ya breki na tangi. Gasketi zote ziwe mpya.

Washa gari, ziba mdomo wa nyuma kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache, na msaidizi asikilize. Paka maji ya sabuni kwenye maungio kabla hayajapata moto. Zingatia zaidi uvujaji ulio mbele ya sensa ya oksijeni: moshi unapopiga kwa mapigo, hewa ya nje huvutwa ndani, sensa inadhani petroli imepungua, kompyuta inaongeza. Gari linalokula mafuta baada ya "kufunguliwa" mara nyingi lina tundu la sindano hapo.

Hatua ya 7: Kupima tena

Chomoa fyuzi ya EFI kwa dakika moja ili kompyuta ianze upya, kisha endesha siku mbili tatu kwa kawaida. Rudia kila kipimo: maji, geji, joto, kilomita 40 hadi 80, na mimweko ya hitilafu. Kwa chujio, mdomo wa hewa na bomba sahihi, kompyuta ya kiwandani inamudu yenyewe. Kwa hedasi, tafuta mtu mwenye kipimo cha mchanganyiko. Akselereta ikiwa chini kabisa, sehemu 12.5 hadi 13 za hewa kwa moja ya petroli ndizo salama.

Tarajia farasi watatu hadi sita juu ya kile injini nzima ilichokuwa nacho, zaidi kwenye mizunguko ya juu. Kama gari lilikuwa limeziba, utahisi mengi kuliko hayo, kwa sababu unarudishiwa kilichokuwa chako. Anayetaka farasi 135 atafute 4E-FTE, ile ya turbo iliyofungwa kwenye Starlet GT na Glanza V, pamoja na kompyuta yake, gia boksi inayohimili na breki zake. Kwa wa Nairobi, turbo ndiyo njia ya kweli ya kufidia mwinuko.

Baada ya kilomita 500 rudi chini ya gari. Kaza nati za manifoldi na maungio injini ikiwa baridi, angalia raba, na tafuta alama nyeusi za masizi kuzunguka gasketi. Penye masizi panavuja, hata kama hakuna sauti.